Prisca Apiga Hodi kwa Watu Mia Mbili na Kumi na Wawili

Prisca hapendi kuitwa mtaalamu. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza kompyuta kwa miezi mitatu, na kwa miaka tisa sasa anachapa barua za watu katika duka lake la steshenari pale Makandana. Kila Jumanne ana kazi nyingine: kuandika barua pepe za kikundi cha wakulima wa kata ya Masoko wanaokaanga na kufungasha kahawa yao wenyewe. Barua hizo huenda kwa watu mia mbili na kumi na wawili wa Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam, walioacha anwani zao kwenye maonesho ya Nanenane.

Mwezi wa tano mwaka huu, barua moja ilifunguliwa na watu tisa tu. Mwenyekiti wa kikundi, Mwalimu Ambindwile, mstaafu anayeheshimika sana, alifika dukani akiwa na Emmanuel, kijana wa Mbeya anayefanya matangazo ya mitandaoni.

"Tisa!" alisema Mwalimu. "Hata msiba wa mgeni hupata watu zaidi."

Prisca alimpa simu. "Mwalimu, soma kinachoonekana kabla ya kufungua."

Mwalimu alivaa miwani. "Taarifa kwa Wateja. Ndugu mteja, awali ya yote kamati inapenda kukusalimu wewe na familia yako pamoja na..." Akaisogeza simu karibu na macho. "Halafu?"

"Simu inakata hapo. Kahawa haijatajwa."

"Ulitaka tusisalimie? Wewe ni Mnyakyusa wa wapi, uanze biashara kabla hujamwuliza mtu amelalaje, na watoto, na ng'ombe?"

"Hayo huulizwa mtu akishakukaribisha ndani, Mwalimu. Sisi bado tuko nje mlangoni. Kwanza tupige hodi."

Emmanuel alicheka. "Sista, andika 'Hongera, umeshinda!' Watafungua wote."

"Wakikuta hawajashinda, wiki ijayo utawaandikia nini?"

"Nabadilisha tangazo."

"Na watu utabadilisha? Mimi ninao hawa tu. Sina wengine wa kuwadanganya."

Mwalimu akatoa uamuzi: barua moja zaidi, ianze na salamu kama kawaida. Ikishindwa, kazi itakuwa ya Emmanuel.

"Kama ni ya mwisho," Prisca alijibu, "nitaiandika ninavyojua mimi."

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Masoko. Mvua ilikuwa haijakatika. Kila jua lilipochungulia, wanawake walifunua maturubai juu ya vichanja vya kahawa. Kabla hawajakaa, walirudi kufunika. Bibi Elina, mkulima wa siku nyingi, aliing'ata punje moja akamwonyesha. Ikiwa na alama ya jino, haijakauka.

Jioni ile Prisca aliandika kichwa cha habari: "Wiki hii usiagize kahawa yetu." Chini yake: "Bibi Elina ameing'ata punje leo asubuhi, na jino limeacha alama." Alieleza mvua, maturubai na mikono iliyochoka, kwa maneno machache. Akamalizia kwamba Jumamosi bibi ataing'ata nyingine, naye atawaambia. Salamu za kamati aliziweka mwishoni, zote, hata za ng'ombe. Akatuma.

Kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi Mwalimu, aliyeambiwa na mteja mmoja, alipiga simu. "Binti, unawakataza wateja wasinunue?"

"Nawaambia kahawa ni mbichi."

"Ifute!"

"Haifutiki, Mwalimu. Na ingefutika, nisingeifuta."

Kufikia Ijumaa, watu mia moja na arobaini na sita walikuwa wameifungua. Thelathini na mmoja walijibu. Mama mmoja wa Dodoma alisema hatanunua kahawa ya dukani mpaka jino la bibi litoe ruhusa. Emmanuel alisema ni bahati. Prisca alimkaribisha alete bahati yake.

Mwalimu alikuja mwenyewe mchana, bila Emmanuel. Alikaa kwenye benchi, akauliza habari za watoto, akauliza za migomba, ndipo akasema, "Kamati imeona uendelee. Ila ya kesho niipitie kwanza, nirekebishe."

Mtu angetegemea Prisca akubali, maana alikuwa ameshapata alichokuwa akikipigania. Prisca alitikisa kichwa.

"Hapana, Mwalimu. Ukirekebisha, itarudi kuwa taarifa. Nikikosea, niondoeni. Lakini nikiwa hapa, naandika mimi."

"Sasa mimi mwenyekiti nitaisomea wapi?"

"Utaisoma wanapoisoma wenzako." Akaichukua simu ya mzee, akamfungulia anwani, akaiongeza kwenye orodha.

Jumamosi saa saba mchana simu ya Prisca iliita.

"Nimefungua," alisema Mwalimu. "Kumbe jino bado linaacha alama?"

"Bado."

"Sasa itakauka lini?"

"Subiri Jumanne," Prisca alimjibu, "kama wateja wote."