Barua Ambazo Kamene Hakuzituma

Kamene alikuwa mpokeaji simu katika kiwanda cha rangi, Industrial Area. Alipofuka akiwa kidato cha pili. Aliishi na mama yake, Mbeti, katika nyumba ndogo kule Makadara, na kila asubuhi alitembea na fimbo yake nyeupe hadi kazini akiijua njia kwa harufu: mikate, halafu oili ya gereji, halafu rangi.

Mezani kwake palikuwa na simu na kompyuta. Wenzake walitumia barua pepe zenye picha na vitufe vya kubofya. Yeye alitumia programu ya kitambo, maandishi matupu. Humo unabonyeza herufi moja kuandika barua, nyingine kuituma, nyingine kuiahirisha uimalizie baadaye. Kila mstari alisomewa na sauti ya mashine kupitia vipokea sauti vya masikioni. Aliyemfundisha ni Bwire.

Bwire, mtu wa Busia, naye hakuwa akiona. Walijuana kwenye kozi ya kompyuta, yeye akiwa mwalimu msaidizi. Kozi ilipokwisha wakawa wanakutana Jumamosi kando ya Jogoo Road, wakila mahindi ya kuchoma, kisha wakitembea wameshikana mkono. Wapita njia waliuliza ni nani anayemwongoza mwenzake.

"Tunabadilishana," Bwire aliwajibu, na Kamene akacheka hadi akashika tumbo.

Halafu Bwire akapata kazi ya ualimu katika shule ya wasioona, huko magharibi.

"Twende wote, Kamene," alimwambia.

"Na Mama nimwachie nani?"

Mwaka huo Mbeti alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande wa kulia haukusikia kitu, na maneno yalimtoka vipandevipande.

"Basi sitakusukuma," Bwire alisema. "Ukiwa tayari, niandikie. Hata mstari mmoja."

Kamene alimwandikia wiki iyo hiyo. Alisema kwamba Mama akipata nafuu, yeye atamfuata huko. Kidole kilifika kwenye herufi ya kutuma, kikasita. Na asipopata nafuu? Akaiahirisha barua. Baada ya mwezi akaandika nyingine, nayo akaiahirisha. Bwire, mtu wa neno lake, hakumsukuma.

Programu ile ilikuwa na desturi moja iliyomchoma. Kila alipotaka kuandika barua mpya, hata ya kumwambia dereva wa kampuni aje mapema, ilimuuliza kwanza: kuna barua iliyoahirishwa, uifungue? Siku nyingi alijibu hapana. Siku nyingine moyo ulimzidi, akajibu ndiyo, akaongeza mistari kadhaa. Mama leo ametamka "maji" vizuri kabisa. Jirani ameukata ule mti wa jakaranda, sasa jua linaingia hadi kitandani. Nimesikia mtu akicheka kama wewe pale stendi, nikamfuata hadi nikapotea njia. Kisha akaiahirisha tena.

Mbeti alifariki wakati wa mvua, wakamzika kwao Kitui. Kamene aliporudi kazini alijiambia kwamba sasa yuko tayari. Lakini miaka ilikuwa imepita mno. Angeanzia wapi? Akaona haya.

Hapo ndipo kampuni ilipoamua kubadilisha mfumo wa barua pepe. Nafiso, msichana wa kompyuta aliyeajiriwa karibuni, alikuja mezani kwake kuhamisha kila kitu.

"Dada Kamene, hii programu yako ni ya kitambo kweli. Sasa, kuna folda ina barua ambazo hazikutumwa. Zote ni za mtu mmoja. Nizihamishe au nizifute?"

"Umezisoma?"

"Wallahi sijasoma. Nimeona anwani tu."

"Niachie hadi saa za chakula."

Wengine walipotoka kwenda kula, Kamene akazisikiliza zote. Sauti ile ya mashine ilisoma "mpenzi" jinsi ilivyosoma "mwisho wa ukurasa". Hakuituma hata moja. Aliandika mpya: "Bwire, ni Kamene wa Makadara. Mama ametuacha. Uliniambia niandike hata mstari mmoja. Nimekukumbuka sana." Akabonyeza kutuma kabla moyo haujageuka.

Jibu lilikuja kabla ya wiki kwisha. "Kamene, pole sana kwa Mama. Nilingoja, nikangoja, mwishowe nikachukua kimya chako kuwa hapana. Nimeoa. Mke wangu ni Teresiah, tuna msichana wetu Nekesa. Nimemsomea Teresiah barua yako, naye amesema nikupigie. Jumapili baada ya kanisa, ukikubali."

Akairudisha mashine mwanzo, ikasoma tena.

"Kuna shida, dada?" aliuliza Nafiso, aliyekuwa bado akingoja uamuzi wa zile barua.

"Hakuna. Zile barua zihamishe zote. Usifute hata moja."

Kisha akamtumia Bwire namba yake ya simu. Jumapili simu ililia angali amevaa nguo za kanisani.

"Kamene?" Sauti ilikuwa imekuwa nzito.

"Ni mimi."

Walizungumza habari za Mama, za shule, za mvua. Nyuma ya sauti ya Bwire, Kamene alisikia vikombe, na mtoto akiimba, na mwanamke akisema, "Baba Nekesa, chai inapoa."

"Nakuja," Bwire alijibu kando, kisha akarudi kwenye simu. "Bado uko?"

"Niko." Alitafuta la kusema lolote, Bwire asikate simu. "Nipe huyo anayeimba nimsalimie."

Simu ilikwaruza, ikapokelewa.

"Habari yako, anti?"

"Nzuri, mama. Ulikuwa unaimba nini?"

Nekesa akaanza wimbo upya, wa Sunday school, akiruka maneno asiyoyajua. Kamene akaketi kitandani, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba auimbe tena.