Gari Iliyompigia Mama

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, jua la Maskati limeshapanda juu ya milima na kiyoyozi kinavuma taratibu, niliposikia sauti ya mwanamke mzima ndani ya gari niliyokuwamo peke yangu. Lakini nimeanza katikati. Wazee tuna kasoro hiyo, twaanza pale panapouma. Nisubiri nirudi nyuma kidogo.

Wakati huo sikuwa mzee. Nilikuwa nafanya kazi ya kutoa dawa hospitali, nna mume, nna nyumba mpya mtaa wa Ansab, na shangazi yangu Rahma, dada yake baba, anakaa na sisi. Miaka ile simu ndiyo kwanza zimeanza kuzungumza na magari. Unaingia garini, simu imo mkobani, na gari yenyewe inakuonesha majina ya watu wako kwenye kioo chake kidogo karibu na usukani. Leo mnaliona jambo dogo. Sisi tuliliona maajabu.

Mume wangu, Nasser, alikuwa mwanachama wa klabu moja ya watu wa maofisini. Huku kwetu twasema nadi. Ukiwa na kadi yao unapunguziwa bei hotelini, kwa daktari wa meno, hata duka la miwani. Mwaka huo wakafungua mlango mwengine: mwanachama akitaka gari mpya, klabu inazungumza na wakala wa magari na bei inashuka. Tukaenda. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata. Akatupitisha kwenye magari yote yanayong'aa, akatupeleka kwenye gari moja nyeupe iliyosimama peke yake nyuma, imefunikwa turubai. Akasema hii ina punguzo kubwa kuliko zile nyengine.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mwanachama mmoja aliitaka, kisha haikuwa nasibu yake," akasema. "Ni mpya, bibie. Haijatembea ila kidogo tu."

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Lakini Nasser alikuwa keshaizunguka gari ile kama bwana harusi, na mimi nimeshakaa kwenye kiti. Tukaichukua.

Basi asubuhi ile nnayokwambia nilikuwa natoka Ansab kwenda kazini, nikasimamishwa na taa nyekundu. Kioo cha gari kikawaka. Kikaandika neno moja: Mama. Halafu nikasikia mlio wa simu inayoita upande wa pili, na mimi sijagusa kitu.

Mwanangu, mama yangu mimi alikuwa ameshafariki, na namba yake nilikwisha kuifuta kwa mkono wangu, maana kila nikiiona ilikuwa ikinichoma. Hapakuwa na Mama yeyote katika simu yangu.

Simu ikapokelewa. Nikasikia mtu anavuta pumzi, na nyuma yake saa ya ukutani inagonga. Kisha sauti ikasema, Kiswahili cha Unguja kitupu:

"Umefika wapi, mwanangu?"

Nikabonyeza kila kinachobonyezeka mpaka ikakatika. Taa imeshakuwa kijani, walionifuata wananipigia honi. Nikasogea pembeni, nikaitoa simu mkobani, nikaitazama. Haikuwa na alama ya kumpigia mtu yeyote tangu jana yake.

Ikarudi tena wiki hiyo, na wiki iliyofuata. Maneno ni yale yale, na saa ile ile inagonga nyuma yake. Lau ingekuwa sauti ya kutisha ningejua la kufanya: ningesoma Ayatul Kursi nikaenda zangu. Lakini ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kujua kama nimekula.

Nikamwambia Nasser. Akaiendesha gari mwenyewe, akaenda akarudi, hakusikia kitu.

"Kazi imekuchosha, Asya," akanambia.

Lakini tangu siku hiyo akawa anapanda gari ya mwenzake kwenda ofisini, na sababu hakuisema.

Tukairudisha kwa wakala wakaitazame. Fundi akaingia, akapekua kioo, akasema gari haina kumbukumbu yoyote ila simu yangu mimi, na kwenye simu yangu hamna Mama. Yule muuzaji hakuingia. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwenye nyumba yenye mbwa. Fundi alipoondoka akatuinamia, akasema kwa sauti ya chini:

"Klabu inaweza kukubadilishieni. Wanachama wanaongoja ni wengi. Hii itapata mtu leo hii hii."

Nasser akafurahi. Na mimi, sikufichi, nikafurahi.

Shangazi Rahma tulimkuta jikoni anachagua mchele. Akasikiliza kila kitu, vidole vyake havisimami. Kisha akamuuliza Nasser:

"Huyo atakayepewa gari, mtamwambia?"

Nasser akaanza kuchezea funguo.

"Basi mnataka kumtupia mwenzenu khofu yenu, mwende mkalale." Akaniangalia mimi. "Na wewe. Mtu mzima anakuuliza umefika wapi, unamkatia. Nani alikulea hivyo?"

"Shangazi, yule si mtu."

"Umemuuliza?"

Nikageuka kuwasha jiko.

"Kuuliza si ujinga," akasema, akarudi kwenye mchele wake. "Kesho n'takaa mbele pamoja na wewe."

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Tukatoka asubuhi, shangazi yuko pembeni yangu na tasbihi mkononi. Tukazunguka, tukazunguka, tukapita mitaa ambayo sikuwa na haja nayo, na gari kimya. Nilianza kuona haya. Nikasema labda kweli kazi ilinichosha. Tulipoingia barabara kuu, kioo kikawaka.

Mama.

Ile simu inaita, inaita, kisha ile pumzi, kisha ile saa.

"Umefika wapi, mwanangu?"

Shangazi akajisogeza mbele, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Tuko njiani, mwenzangu," akasema. "Mimi naitwa Rahma. Wewe uko wapi, tukufuate?"

Saa inagonga. Nilidhani imekatika.

"Mabela," sauti ikasema. "Nyuma ya msikiti mdogo, nyumba ya kona, mlango wa kijani. Mimi nimeshavaa."

Kioo kikazimika.

Nikamtazama shangazi. Uso wake umepauka, na ushanga wa tasbihi umesimama kidoleni. Mpaka hapo nilikuwa nikidhani haogopi. Alikuwa anaogopa kama mimi, tofauti ni kwamba yeye alishaamua.

"Endesha," akanambia.

Mabela ya siku zile ilikuwa nusu nyumba, nusu viwanja. Unapita kuta mpya zisizopakwa rangi, vumbi, kisha nyumba imekamilika na maua yake, kisha vumbi tena. Msikiti mdogo tuliuona. Nyumba ya kona tuliiona. Mlango ulikuwa wa kijani. Mwanangu, nilitamani sana uwe rangi nyengine.

Kabla hatujabisha, mlango ukafunguliwa na mwanamke wa rika langu. Hakututazama sisi. Aliitazama gari iliyo nyuma yetu, akashika mlango kwa mikono miwili.

"Gari hiyo mmeipata wapi?" akauliza.

Shangazi akamsalimia kwanza, kama inavyotakiwa, kisha akamwambia tumeinunua kwa njia ya klabu. Yule mwanamke, jina lake Maryam, akatuingiza ndani, akakaa, akatueleza huku ametazama chini.

Gari ile ilikuwa ya kaka yake, Khalfan, naye mwanachama wa klabu ile ile. Siku aliyoitoa kwa wakala alimpigia mama yake akiwa ndani ya gari: Vaa, nakuja kukuchukua, wewe ndiye wa kwanza kuipanda. Mama akavaa. Khalfan alipofika njia ya Rusayl akasogea pembeni ya barabara, akawasha taa za tahadhari, akafariki. Moyo. Watu walimkuta gari inaunguruma na mikono yake imo mapajani. Jamaa hawakuweza kuitazama gari ile, wakaomba klabu iichukue, na klabu na wakala wakaichukua. Habari za kifo walipewa. Wote walijua.

"Mama amekaa vile vile tangu siku hiyo," Maryam akasema. "Kila asubuhi anavaa buibui, anakaa sebleni. Tukimwambia Khalfan ameshazikwa, anasema anajua. Lakini anavaa. Usiku ndiyo anavua."

"Na anapiga simu?" nikauliza.

"Simu gani? Simu yake niliizima mimi mwenyewe siku ya mazishi. Haijawashwa tena."

Akaenda kabatini, akatuletea. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa. Niliipokea mkononi, baridi, betri imekufa zamani. Na wakati nimeishika, ndipo nilipoisikia saa ya ukutani ya nyumba ile. Nilikuwa naisikia muda wote niliokaa pale, bila kuitambua.

Pazia likasogezwa. Akatoka bibi mmoja mwembamba, buibui limemkaa sawasawa, mkoba mkononi. Hakuuliza sisi ni nani.

"Mmechelewa," akasema.

Shangazi Rahma akainuka, akambusu mkono.

"Utusamehe, mwenzangu. Njia ilikuwa na foleni."

Bibi Thureya, ndilo jina lake, akakaa mbele pembeni yangu. Shangazi na Maryam nyuma. Akapitisha kiganja juu ya dashibodi pole pole, kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa. Hakusema tuende wapi, na mimi nikashika njia ya Rusayl bila kuambiwa. Magari makubwa ya viwandani yanatupita, jangwa linametameta pande zote mbili. Mahali palipo sawa na pengine pote, hapana mti, hapana kibao, akasema:

"Simama hapa."

Nikasimama. Nyuma nikamsikia Maryam anavuta pumzi. Baadaye alinieleza kwamba mama yake hakupata kuoneshwa mahali pale alipofia Khalfan. Waliooneshwa ni wanaume, na katika wanawake yeye Maryam peke yake.

Bibi Thureya akasoma Fatiha. Sote tukasoma. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso, akalia. Maryam alinambia hicho ndicho kilio cha kwanza kumtoka tangu msiba. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na kweli, alipoanza yeye ndipo na sisi tukaweza.

"Basi," akasema alipomaliza. "Nirudisheni. Nna njaa."

Nyumbani akavua buibui mchana kweupe, akaingia jikoni mwenyewe. Maryam akamtazama kwa nyuma, akasema kwa sauti ya kukatika, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tukala kwao wali na papa mkavu, na hatukuzungumza habari za simu hata neno.

Kioo hakikuliandika tena jina lile. Gari hatukuibadilisha. Miaka yote aliyobaki hai Bibi Thureya, siku ya Ijumaa nilikuwa nikimpitia, tunakwenda anakotaka, na alikuwa akizungumza njia nzima. Ungemsikia usingeamini ni yule. Nasser alirudi kwa yule muuzaji, akamuuliza kwa nini alituficha.

"Ningekwambia, ungeinunua?" muuzaji akamuuliza.

"Pengine nisingeinunua," Nasser akamwambia. "Lakini ningejua nimekaa kwenye kiti cha nani."

Vijana wanaojua mitambo nimewahadithia kisa hiki. Wananambia magari huhifadhi majina, na waya hukosea. Nawasikiliza, siwabishii. Kisha nawauliza kuhusu ile simu iliyofungwa kwenye kitambaa, nao huangalia saa zao.

Sasa, mwanangu, nna maneno machache, yatie akilini. Ukijiunga na klabu zenu hizi, ukapewa kadi na ukaoneshwa kitu kizuri kwa bei ya chini, usione aibu kuuliza kimepita mikononi mwa nani. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kila kilichokufikia kwa wepesi, pengine kilimtoka mwengine kwa uzito. Punguzo si haramu, mimi mwenyewe nalipenda mpaka leo. Haramu ni kumfunika mtu uso ukamuuzia. Na ukikuta umeuziwa wewe, usikimbilie kumpasia wa nyuma yako. Khofu haiishi kwa kuhamishwa nyumba.

La pili ni kubwa zaidi. Kikikujia kitu usichokijua na kikazungumza nawe kwa upole, jibu kwanza. Ogopa, hakuna aliyekukataza kuogopa. Shangazi yangu aliogopa na akajibu. Mengi tunayoyaita mashetani ni uchungu wa watu tuliokataa kuusikiliza, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Haya, nenda, wenzako wanakungoja nje. Mungu akupe vipya vilivyo halali na vyenye amani ndani yake, akulinde wewe na kila utakayembeba, akufungulie barabara uendako na urudiko, na akutie moyo usioogopa kubisha mlango wa mwenye huzuni. Amin.