Nilimwibia Fundi Wangu Nguvu ya Injini Yake

Jina langu silitaji, na ukimaliza kusoma ukanitukana, utakuwa na haki. Nimemharibu mtu aliyenilea, na silaha niliyotumia ni tarakimu kwenye karatasi.

Mimi ni fundi wa magari hapa Goma. Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa mtaa wa Mabanga mwenye asili ya Maniema, nimwite Papa Hamza. Ukimletea gari, anafungua boneti, anakwambia ukanyage mafuta, anafumba macho kidogo, kisha anakutajia ugonjwa ulipo. Na hakosei! Madereva walimwita daktari.

Mwaka jana bosi wangu alileta mashine ya kupima nguvu ya injini. Sisi tunaiita ban. Gari inapandishwa, magurudumu yake yanakaa juu ya vyuma vinavyozunguka, inafungwa mikanda, unakanyaga hadi mwisho, na kompyuta inatoa karatasi: una nguvu za farasi kadhaa. Vijana wenye magari ya mbio walipagawa.

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa langu liko hapa. Goma iko juu, hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapungukiwa nguvu kwa sababu inavuta hewa kidogo. Ndiyo maana kompyuta ina kisanduku cha kuwasha kwenye skrini, ili ihesabu kama vile gari iko usawa wa bahari, ulinganishe na kitabu cha kiwanda. Magari yote tuliyapima kisanduku kikiwa kimewashwa. Yote!

Papa Hamza alikuja Jumamosi moja, garage imejaa watu. Alikuja na gari yake nyeupe ya silinda sita, isiyo na turbo, ambayo injini yake aliijenga mwenyewe kwa miaka miwili. Siku zote alidai inapita farasi mia mbili. Alijuaje? Kwa namna ilivyopanda barabara ya Kibati, basi.

Aliponiona akanishika bega, akawageukia watu.

"Munaona huyu? Ni mutoto wangu. Nilimutosha Kanyaruchinya ku kambi, hana hata viatu. Leo iko na mashini ya kunipima mimi!"

Watu wakacheka. Aliyasema kwa fahari, leo najua. Lakini pale palikuwa na wateja wangu, na alikuwepo msichana ninayemchumbia, ambaye sikuwahi kumwambia kwamba niliishi kwenye kambi ya wakimbizi. Uso uliniwaka. Nikafunga mikanda, nikaenda kwenye kompyuta, nikazima kile kisanduku.

Kwa gari yake peke yake!

Injini ililia vizuri ajabu. Nikasoma kwa sauti ili kila mtu asikie: mia moja sabini na moja.

"Papa Hamza, zile zingine zilikimbilia wapi?" mtu mmoja akapiga kelele. Watu wakavunjika mbavu. Mzee hakucheka. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo, akitumia jina la utotoni alilonipa, lenye maana ya mdogo.

"Peti, hii mashini iko ya kweli?"

"Mashini haidanganyaka, Papa."

Jamani, mdomo huu!

Nilipanga kumwambia Jumatatu. Jumatatu ikapita, nikasema wiki ijayo. Niliona haya. Tena niseme yote: kuna upande wangu uliofurahia kuona madereva wake wanaanza kuja kwangu.

Wiki ya tatu nikakutana na mkewe, Mama Hamza, sokoni. Alikuwa amekonda.

"Papa yako hakulaka chakula tena," akaniambia. "Alifungua ile moteri yote, anatafuta nguvu yenye ilipotea. Wakimuletea gari, anasema mupeleke kwa peti, masikio yake ilishakufa."

Nilirudi garage mbio. Kipimo kile kilikuwa bado kwenye kompyuta, nikawasha kisanduku, nikatoa karatasi nyingine: mia mbili na tatu. Mzee alikuwa amesema kweli miaka yote!

Nikaenda Mabanga. Injini niliikuta chini, vipande vipande kwenye turubai. Kichwa cha injini alikuwa amekipeleka kusagwa upya, kikapasuka. Injini ilikuwa nzima kabisa kabla hajaifungua, haikuwa na ugonjwa wowote, na sasa hakuna tena cha kupandisha kwenye ban ili nimwonyeshe.

Nilipiga magoti uani kwake. Nikamweleza kila kitu, kisanduku, hewa, hasira yangu, msichana. Nikampa karatasi. Aliisogeza mbali na macho, akaisoma.

"Ile ya kwanza ulisoma mbele ya batu wote, haukuogopa," akasema. "Hii umeniletea peke yako, unalia." Akaikunja, akanirudishia mkononi. "Uko na roho muzuri, mutoto wangu. Lakini usinidanganye kwa kunionea huruma. Nilishazeeka, njo vile."

"Papa, naapa!"

"Aksanti, peti. Aksanti sana."

Nimerudi mara nne. Nimempeleka bosi wangu amweleze, mzee akadhani nimemtuma. Nimesema mbele ya wale vijana waliocheka, wakanisifu kwamba namheshimu mwalimu wangu. Kila nikieleza zaidi, naonekana mtu mwema zaidi! Nifanye nini? Sijui. Kweli sijui.

Jana nilikuwa kwake, gari moja ikasimama mlangoni inakohoa. Hata mimi nilisikia kwamba ni plagi moja imekufa, na sauti hiyo ni yeye aliyenifundisha. Dereva akamwuliza gari ina nini. Papa Hamza aliinamisha kichwa, akasikiliza, halafu akasema hajui, aipeleke kwenye mashine.

Wewe unayesoma, kama umeshika kipimo ambacho mwenzako hawezi kukisoma mwenyewe, usikitumie kulipiza aibu yako. Na kama umeshafanya, kiri siku ile ile, wakati bado anaweza kukukasirikia. Ningetoa chochote Papa Hamza anizabe kofi. Lakini kila nikienda kuungama, ananishukuru.