Kosa Moja, Jora Moja

Kiti kililetwa dukani siku tatu baada ya mimi kupata F ya Kiingereza kwenye mock ya kidato cha nne. Cha mbao, kirefu, kina mto mwekundu. Baba alikiweka nyuma ya kaunta, akakipigapiga.

"Aisee, mtihani wa taifa nao ukianguka Kiingereza, kidato cha tano tukisahau. Utakaa hapa. Sufuria haziulizi Kiingereza."

Hakusema kwa ubaya. Alishuka kutoka Kilimanjaro na darasa la saba lake, akauza vyombo Kariakoo mpaka akapata duka la jumla, na sisi tukala, tukavaa, tukasoma. Lakini kidato cha tano nilikitaka kuliko kitu chochote duniani. Nikakitazama kile kiti, nikasema moyoni, sikikalii ng'o.

Ng'ambo ya mtaa kulikuwa na duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, aliyefundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mtaa mzima ulimwogopa. Nikapenya kati ya mikokoteni mpaka mlangoni kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unataka mita ngapi?"

"Nataka Kiingereza."

Alinitazama juu ya miwani yake. Akasema nije kila siku nikitoka shule, na malipo yangu yatakuwa kumkunjia majora ya vitambaa, maana mikono yake ilishaanza kuuma. Sheria ilikuwa moja: kosa moja, jora moja. Ukikosea sentensi, unalifungua jora zima juu ya meza, kisha unalikunja upya kwenye kibao chake, na kila mzunguko unasema sentensi iliyo sahihi. Yeye alifundisha amesimama, miguu imemvimba. Kiti chake kilivunjika zamani na hakununua kingine.

Siku ya kwanza nilianza na baba yangu: "My father he sells plates."

"Una baba wangapi?"

"Mmoja."

"Mbona umemtaja mara mbili? 'My father' ni yeye, na 'he' ni yeye yule. Kunja."

Kesho yake nikasema "I didn't went."

"'Did' ameshaubeba mzigo wa jana. 'Went' naye wa nini? Mzigo mmoja hautaki wachukuzi wawili. Kunja."

Jamani, nilikunja! Satini, poplini, kitambaa cha sare, mpaka mabega yakawaka moto. Wenzangu wakipita mlangoni wananitania, "Fundi cherehani, mambo?" Najibu "Poa" bila kugeuka, na ndani nachemka. Siku moja nilifika jora la kumi na moja. Uvumilivu ukaniishia, nikalibwaga mezani.

"Kiswahili hakikunitesa hivi!"

"Kilikutesa," akasema, wala hakupandisha sauti. "Ulikuwa mdogo, ukikosea unachekwa, unarudia. Sasa umekuwa mkubwa, hutaki kuchekwa."

Nilimchukia siku ile, sitaficha. Nikaliokota jora langu, machozi ya hasira yananitoka, nikakunja.

Mtihani wa taifa wa Kiingereza ulitaka insha juu ya kazi ya mtu unayemfahamu. Nikamwandika baba. Mstari wa tatu tu, nikaona nimeandika "My father he". Niliweka kalamu chini, nikafumba macho, mikono yenyewe ikaanza kukunja hewani, midomo inacheza. Msimamizi akanijia mbio.

"Unaibia nini? Fungua viganja!"

Chumba kizima kikageuka. Anayekamatwa anaibia hufutiwa matokeo yote, na nilikiona kile kiti cha mto mwekundu mbele ya macho yangu. Nikafungua. Viganja vitupu, vina sugu. Akainua karatasi yangu, akachungulia chini ya meza, hakupata kitu, akaondoka. Nikaikata ile "he" kwa mstari mmoja, nikaendelea kuandika.

Matokeo yalipotoka nilikuwa dukani, simu mkononi. Kiingereza, C. Nilipiga kelele mpaka rundo la sinia likaanguka. Baba akaichukua simu, akaitazama.

"C ni kufaulu?"

"Ni kufaulu, baba."

Baba alikibeba kile kiti mwenyewe, na wachukuzi wapo pale mlangoni wanamshangaa, akavuka mtaa, nami nyuma yake. Akakitua mbele ya Mwalimu. Akajikohoza. Kiingereza cha baba sikuwahi kukisikia tangu nizaliwe.

"Teacher," akasema, "my daughter she pass."

Mwalimu akakitikisa kiti kwanza, akakaa, akanyoosha miguu. Kisha akamsukumia baba jora la buluu, kubwa kuliko yote yaliyokuwa pale.

"Kosa moja, jora moja, baba. Hilo ni la kwanza. La pili linakungoja pale."

Hapa Kariakoo hakuna aliyewahi kumwamrisha baba yangu. Alilitazama jora, akanitazama mimi, akapandisha mikono ya shati.

"My daughter passed," Mwalimu akamtangulia.

"My daughter passed," baba akafuatisha, anakunja. "My daughter passed." Kila mzunguko sauti inapanda, mpaka wachukuzi wa ng'ambo wakatua mizigo yao kumsikiliza.