Pampu Mpya ya Mashine ya Kusaga

Baba yangu aliendesha mashine ya kusaga katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mugumu. Kabla ya mashine hiyo, mama na wenzake walisaga mtama na muhogo mkavu kwenye jiwe, mpaka viganja vikaota sugu. Injini ilikuja imeshazeeka, lakini baba aliijua. Akiwa shambani, mlio ukibadilika kidogo tu, alitua jembe na kwenda kuitazama.

Mwaka mmoja, mavuno yakikaribia, injini ikaanza kupandisha mwendo yenyewe. Baba akamwita fundi wa Mugumu, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Nilimwamkia shikamoo, nikampa maji ya kunawa, nikabaki pale nikisikiliza.

"Pampu ya dizeli imechoka, pamoja na hii gavana inayozuia injini isikimbie ovyo," alimwambia baba. "Za aina hii hazitengenezwi tena. Ipo ya aina mpya, ila itabidi nibadili mabomba, nitoboe matundu mengine, halafu tuone kama vifaa vingine vitaipokea."

"Visipoipokea?"

"Mashine italala mpaka nipate vinavyofaa. Lakini hata kuiacha hivi si salama, ndugu yangu."

Jambo likapelekwa kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti, rika la baba, alimgeukia na kumwita kama wanaume wa Kikurya wanavyoitana.

"Mura, wewe ndiye unayeijua. Tubadili sasa au tungoje?"

Baba aliwatazama wanawake waliokaa mbele, mama akiwa kati yao, mtoto mgongoni. Nadhani alikuwa akiliwazia lile jiwe.

"Tungoje mavuno yapite," alisema. "Nitakuwa naisikiliza. Itatufikisha."

Watu wakapiga makofi. Mama naye alipiga.

Mavuno hayakuwa yamefika hata nusu. Nilikuwa kwenye foleni na debe la mahindi, jua kali, injini ilipopiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia.

"Tokeni! Tokeni nje wote!" baba alipaza sauti.

Tulikimbia. Yeye alibaki, akajinyoosha juu ya mkanda wa mashine kufunga dizeli. Aliifunga. Lakini mkanda ulikuwa umeshika shati lake, ukauvuta mkono.

Hospitalini Mugumu waliukata juu ya kiwiko. Ulikuwa mkono wa kulia.

Baba akiwa bado kitandani, kijiji kilimwita fundi aweke pampu mpya. Baba aliporudi nyumbani, mzee yule alikuja kumjulia hali. Alikaa kando ya kitanda.

"Imekubali. Mabomba tu na matundu mawili. Vingine vyote vimeipokea."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Wanawake hawatarudi kwenye jiwe."

Kisha akageukia ukutani, na fundi akaondoka.

Hakuna mtu kijijini aliyemlaumu baba. Mara nyingi nilitamani hata mmoja angemlaumu, ili apate wa kumjibu. Mashine ikapewa mwendeshaji mwingine, baba akapewa kazi ya kulinda ghala. Mama alipotaka kumkatia tonge, alikataa. Akawa anakula peke yake nyuma ya nyumba, kwa mkono wa kushoto, akituonea aibu sisi watoto wake.