Mkwe Kasimama Mbele ya Kisumu

Mama mkubwa Yuliana ni mtu wa pamba. Ukimkuta Bunda msimu wa mauzo, amekaa juu ya magunia yake kama yeye ndiye aliyeijenga Bunda, na mtu wa mizani akisoma vibaya wala hamgombezi. Anamwangalia tu, mpaka mwenyewe anarudia kupima. Alizaliwa Bugwema, akaolewa huku Butiama na mzee Burito, akazaa, akalima, akasomesha, na kwa mdomo sijawahi kuona mtu anamshinda. Isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja analala nyumba ya pili, uwanja ule ule.

Ni mke mwenzake, mama mdogo Prudence. Huyu hana kelele. Yeye ana Kisumu. Anasemaga usichana wake wote alikaa Kisumu kwa shangazi yake, na Kisumu hiyo inafaa kwa kila kitu. Mkibishana mlenda unapikwaje, utasikia, "Kisumu tulikuwaga tunaweka maziwa." Mkibishana nani aanze wimbo kanisani, "Kisumu walikuwaga wanaanza wanaume." Na akiona mama mkubwa anakaribia kushinda, anamuuliza taratibu, kama anamwonea huruma:

"Lakini dada, wewe Kisumu umefika?"

Basi. Mama mkubwa anachukua jembe, anaenda kulima hata kama ni saa ya kula. Hiyo kitu imeenda hivyo tangu mimi sijazaliwa.

Sasa kikundi cha akina mama wa parokia kikatangaza safari ya siku moja. Kuvuka mpaka, kupita Kisii, kufika Kisumu, kurudi, na mtu wa kuelezea historia ya hiyo miji yupo. Mama mkubwa hakuuliza historia gani. Alijiandikisha wa kwanza, halafu akaja kusimama katikati ya uwanja akatangaza, hata kwa jirani walisikia.

"Naenda kuiona kwa macho yangu haya mawili! Nikirudi, hapa nyumbani hakuna mtu ataniuliza tena swali."

"Nenda dada," mama mdogo akamjibu, anachambua maharage. "Ila uangalie vizuri. Kisumu ukiangalia haraka huioni."

Mimi nilipata nafasi ya mama yangu Matrida, ambaye ni mdogo wake mama mkubwa. Yeye kikohozi kilimbana, na mimi kibarua cha mjini kule Nyakato kilikuwa kimenichosha nikakiacha, kama kile cha kabla yake. Nikapanda Kosta, mwanaume peke yangu kati ya akina mama, ukiacha dereva.

Mpaka Sirari ilikuwa nyimbo tu. Hapo Sirari yule dada wa kutuongoza, msichana wa Musoma mwenye Kiingereza cha kutosha nchi mbili, akafungua mkoba, akafunga, akafungua tena. Kadi ya chanjo ya manjano ameiacha nyumbani. Yeye ndiye aliyetukumbusha wiki nzima tusisahau kadi. Akapiga simu, akatuambia tusiwe na wasiwasi, kuna mwenzake alipeleka wageni jana, amelala Isebania, atatupokea upande wa pili. Akapanda bodaboda akarudi.

Tukavuka. Upande wa Kenya mlango wa Kosta ukafunguliwa, akaingia kijana wa kofia, kitambulisho shingoni, spika ya mkononi.

"Habari za asubuhi akina mama! Leo mtakuwa na mimi, naitwa..."

Hakumaliza. Aliona kiti cha tatu dirishani, akageuka haraka mpaka kofia ikadondoka. Kiti cha tatu nacho kilikuwa kimeshageuka, mama mkubwa amejifunika kanga kichwa kizima, umebaki mlima wa kanga tu.

Huyo kijana ni Edwin. Edwin amemuoa Robi, binti wa mama mkubwa. Tulijua anafanya kazi na wageni huko Musoma, lakini kazi yenyewe nani alimuuliza?

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani. Siyo ugomvi, ni heshima. Akija njia hii, wewe unaingia kwenye migomba mpaka apite. Huli mbele yake, jina lake hulitaji, macho hayakutani. Na watu wanaishi vizuri tu, kwa sababu njia ni pana na migomba ipo. Lakini hiyo heshima wazee waliipanga kabla ya Kosta. Ndani ya Kosta hakuna mgomba.

Mama mkubwa akahamia kiti cha nyuma kabisa, kanga bado iko juu. Edwin akasimama mbele kama wanavyosimamaga watu wa kazi yake, akaanza kuelezea. Milima ikaanza, Kisii ikaja. Akasema hapa vita ya kwanza ya dunia Mjerumani alivuka kutoka huku kwetu akaja kupigana na Mwingereza. Akina mama wakasema eeeh. Nyuma kule sauti ikatoka ndani ya kanga.

"Magige."

"Naam, mama mkubwa."

"Kisii ikoje?"

"Ina milima. Na ndizi nyingi."

"Ndizi hata Tarime zipo. Nimevuka mpaka kuja kuangalia magoti yangu. Mwambie huyo mtu akae chini, ananizibia Kisii."

Nikaenda mbele. "Shemeji, mama anasema ukae."

Edwin akakaa. Akina mama wakalalamika hawaoni anachoonyesha. Akasimama. Kanga ya mama mkubwa ikamfunika hadi miguuni. Tulipoipita Kisii kidogo, mwenyekiti wao, mama Kwangu, akamwambia dereva asimame pembeni ya barabara, maana safari imekuwa kikao.

"Yuliana," akasema mmoja, "si umwangalie tu? Huku ni Kenya, nani atajua?"

"Kwani nikivuka Sirari, Robi anakuwa siyo mtoto wangu?"

"Basi huyu kijana ashuke, apande gari nyingine."

"Akishuka nani atatueleza? Tutaangalia majumba kama ng'ombe wameletwa mnadani?"

Edwin akaniita nje. Jasho linamtoka na milimani kule ni baridi. "Shemeji, mwambie mama mimi niko tayari kujifunika mwenyewe."

Nikapeleka. Akina mama wakacheka mpaka Kosta ikatikisika. "Tumeletewa kiongozi wa kwenye gunia!" Hata mlima wa kanga ulitikisika kidogo, lakini haukufunguka.

Kutoka hapo mama mkubwa hakucheka tena. Aliniambia kwa sauti ya chini, ya kwangu peke yangu, "Magige, nikirudi bila kuiona, huyo mwanamke ataniuliza mpaka kwenye jeneza." Nikaelewa siyo utani. Miaka yote hiyo ya kuchukua jembe saa ya kula ilikuwa imekaa kwenye kile kiti cha nyuma.

Mama Kwangu ndiye aliyepata njia. Kisumu tukifika tutatembea kwa miguu. Akina mama watatangulia wakiangalia mbele. Edwin atakuja nyuma yao, lakini asiwaangalie, maana macho ya mkwe hayatakiwi hata mgongoni. Ageukie kule tulikotoka, arudi kinyumenyume, aongee kwa spika. Na mtu yeyote asigeuke nyuma, kwa heshima ya Yuliana na kwa sababu karibu kila mmoja wao ana mkwe wake nyumbani.

"Mgongo kwa mgongo," akasema mama Kwangu. "Historia inaingiaga masikioni."

Basi Kisumu ikatuona tunaingia. Msafara wa kanga unaangalia mbele kama gwaride, na nyuma mwanaume anatembea kinyumenyume anaongea na watu ambao hawapo. Mama mmoja wa samaki akatushangaa. "Mathe, huyu amewakosea nini?"

"Ametuolea," mama mkubwa akamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu Isebania kichwa chake kilikuwa wazi. Alikuwa anatazama Kisumu kama anavyotazamaga mizani.

"Kulia kwenu," spika ikasema nyuma, "jengo la stesheni ya zamani. Reli ilianzia Mombasa, Waingereza wakaileta mpaka hapa ziwani, ikaishia hapa. Ina zaidi ya miaka mia moja."

Akina mama wote wakageukia kulia. Kulia kulikuwa na ghorofa tatu za vioo vya bluu, chini wanauza makochi.

"Waingereza walijua kujenga," mama mkubwa akasema, mkono kifuani. "Miaka mia na zaidi, kioo hakijapasuka hata kimoja!"

"Na hayo makochi?"

"Si ya kusubiria treni? Wewe unafikiri zamani watu walisubiri wamesimama?"

Mimi sina mkwe. Nikageuka. Nikamwona Edwin ameelekea kule, mkono wake wa kulia ameunyoosha vizuri kabisa, unaonyesha mjengo wa zamani wa bati ambao kwa sisi ulikuwa kushoto. Alikuwa amezoea kusimama anaangaliana na wageni, anawageuzia kulia na kushoto kichwani. Sasa mgongo umempotezea hesabu, kulia kwake anadhani ni kulia kwetu, na kati ya watu wote hao hakuna aliyeruhusiwa kumwona mkono.

Mtaa uliofuata akasema kushoto kwenu kuna mnara wa saa wa tangu ukoloni. Akina mama wakageukia kushoto, wakaukuta mnara wa simu.

"Saa iko wapi?" mmoja akauliza.

"Ya zamani hiyo," mama mkubwa akamwambia. "Wameshaondoka nayo. Mkoloni anaachaga kitu cha maana?"

Tukaenda hivyo mji mzima. Ofisi za mkoloni zikawa kituo cha mafuta. Soko la kihistoria likawa ukuta wa shule, wakausifia jinsi ulivyo msafi. Ziwa peke yake ndilo halikukosewa, kwa sababu lilikuwa mbele yetu na Edwin akanyamaza. Mama mkubwa akaliangalia sana.

"Hili ni lile lile la Musoma," akasema. "Sasa huyo mwanamke alikuwa ananiringishia na la kwangu?"

Chakula walikula nyuma ya Kosta, Edwin mbele ya Kosta. Nikamfuata na sahani yangu.

"Shemeji, umetuonyesha makochi."

"Makochi gani?"

Nikamweleza kulia na kushoto. Akaweka sato chini. Akainua mkono wake wa kulia, akauangalia, akajigeuza, akauangalia tena.

"Mungu wangu! Na mama anasemaje?"

"Anafurahi. Anasema Waingereza walijua kujenga."

"Magige, naomba usimwambie. Mtu akimkosea mama mkwe inabidi aende kumwomba radhi. Mimi nitamwombea radhi wapi, wakati hata karibu yake siruhusiwi?"

Kurudi, mama mkubwa alikaa nyuma kwa hiari, kanga kichwani, na ndani ya kanga alikuwa anaimba.

Kesho yake nilikuwepo uwanjani. Mzee Burito kwenye kiti chake, redio sikioni, hataki kujua. Mama mdogo Prudence anapepeta mtama. Mama mkubwa alioga, akavaa kitenge cha Krismasi, akatoka kama mtu anaenda kutoa ushahidi. Mimi nilitaka kukimbia. Maana huyu anayepepeta amekaa Kisumu usichana wake wote, na sasa anaenda kuletewa makochi.

"Nimefika," mama mkubwa akasema.

"Nimesikia, dada. Umeona nini?"

"Nimeona stesheni ya Mwingereza, ile reli ilipoishia. Ghorofa tatu, vioo vya bluu toka juu mpaka chini. Inang'aa, Prudence!"

Ungo ukasimama. Nikahesabu moyoni, anacheka sasa hivi. Mama mdogo akaangalia mtama, akaangalia mbali kule barabarani, kama mtu anakumbuka kitu kizuri.

"Kumbe vile vioo bado vipo?" akasema.

Hapo nikaelewa. Mama mdogo Prudence Kisumu hajawahi kuikanyaga. Alivuka labda mpaka Migori, labda hata Sirari hakufika. Miaka yote hiyo alikuwa anamnyamazisha mwenzake kwa mji wa kusikia.

"Vipo," mama mkubwa akasema, na sauti yake haikuwa ya vita tena. Alikuwa amejiandaa kubishiwa, sasa hajui aweke wapi mikono. "Vipo vyote. Na makochi ya abiria chini pale."

"Makochi! Sisi tulikuwaga tunakaa pale na shangazi, tunasubiri treni."

"Ya rangi ya maziwa?"

"Ya maziwa hasa. Na saa ile ya mnarani, dada?"

"Waliiondoa."

"Waliiondoa nikiwa bado nipo. Niliona mwenyewe."

Mama mkubwa akavuta kigoda, akakaa karibu na ungo. Sijawahi kuwaona wamekaa karibu hivyo, hata msibani. Wakaanza kuulizana mtaa kwa mtaa, huyu anataja kituo cha mafuta na ukuta wa soko, yule anasema palikuwa na mti mkubwa pale, huyu anasema ndiyo, kisiki chake amekiona. Nikafikiria. Neno moja tu kutoka kwangu, na mama mkubwa anashinda vita ya maisha yake yote. Lakini neno lenyewe lingeanzia kwenye mkono wa Edwin, na likianzia hapo hata yeye habaki na Kisumu. Hata hivyo, mdomo wangu haukai kimya.

"Mama mkubwa, ile stesheni unajua..."

Wote wawili wakanigeukia kwa pamoja.

"Nyamaza wewe," mama mkubwa akasema. "Safari nzima ulikuwa umegeuka nyuma. Kisumu utaijulia wapi?"

"Watoto wa siku hizi," mama mdogo akasema, akaendelea kupepeta. "Haya dada, na lile soko? Ukuta wake bado msafi?"