Sauti Iliyosubiri Salamu

Mama mkwe wangu hakuwahi kuipenda simu yangu. Aliiita "kioo chako", kwa sauti ileile anayomtajia mbuzi wa jirani. Akinikuta nimeiinamia jikoni, ananiuliza kama ndizi nazo zinaivia humo ndani. Mimi ni mtoto wa Muleba niliyeolewa Rugu, na siku ya harusi ulimi wangu sikuuacha kwetu, kwa hiyo nyumba yetu haijawahi kukosa maneno. Namwambia, mama, humu ndani kuna dunia nzima. Ananijibu kwamba dunia nzima haijawahi kumsaidia kumenya ndizi.

Simu yenyewe naihitaji kwa kazi. Mimi ni mhudumu wa afya wa kitongoji, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza kama watoto wanalala kwenye chandarua na kama choo kina mfuniko. Muuguzi wa zahanati yetu alitufungulia kundi la WhatsApp ili habari zifike kabla ya miguu yetu. Kundi hilo lina kila kitu: misiba, michango ya harusi, mbuzi waliopotea, sala za asubuhi ndefu kuliko ibada, na katikati ya hayo yote ujumbe wa afya. Wenye simu kubwa huwasomea wasio nazo. Ndivyo tulivyozoea, na sikuona ajabu yoyote. Kwangu ilikuwa kazi tu, tena ya kuchosha macho.

Halafu akaja mbwa.

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Mbwa ambaye hakuna aliyemjua alitokea bondeni, mate yanamchuruzika, akang'ata ndama, akang'ata mbwa wa watu, akaingia kwenye kibanja cha jirani, katikati ya migomba, na kumng'ata binti mdogo kwenye shavu la mguu. Vijana walimkimbiza wakamuua. Mtaalamu wa mifugo alipokuja kuutazama mzoga alisema dalili alizosimuliwa zote ni za kichaa, akakataza watu kuushika kwa mikono mitupu. Siku hiyohiyo kundini kwetu ukaingia ujumbe uliotoka kundi jingine, ambalo nalo liliupata kwingine: "Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha wahi kuchanjwa." Kiswahili safi, hakikukosewa hata nukta.

Baba wa binti yule ni kibarua mwenye asili ya Burundi, mtu mpole, ndiye aliyekuwa akimpalilia mama mkwe wangu migomba. Nyumbani kwake wanaongea Kirundi, shambani wanaongea Kinyambo cha huku Karagwe, na Kiswahili wanakitoa kama nguo ya Jumapili. Jirani mwenye simu alimsomea ujumbe mpaka mwisho, naye akautii neno kwa neno. Aliosha kidonda kwa sabuni, akamwaga maji, akamwaga tena. Kisha akambeba mtoto mgongoni, akampeleka kuchanjwa.

Siku hizo mimi nilikuwa Kayanga kwenye semina. Niliporudi nikakuta mlango wao umefungwa. Baba, mama na mtoto wameondoka kwenda Kyerwa kuchuma kahawa za watu. Nilimuuliza yule jirani habari za kidonda, tukiwa kisimani tunasubiri zamu.

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Ameshachanjwa."

Nikashukuru Mungu. Kisha nikashangaa, kwa sababu zahanati yetu haikuwa na chanjo ile. Nikamuuliza amechanjwa wapi. Akanitajia mzee mmoja wa ng'ambo ya kilima.

"Kamchanja vizuri kabisa, waitu. Chale hapa, chale hapa, halafu akapaka dawa yake nyeusi."

Nilikaa chini palepale kwenye majani, zamu yangu ya maji ikapita. Kuchanja. Neno lenyewe halina kosa. Sisi wa semina tukilisikia tunaona bomba la sindano na kisanduku cha barafu. Mtu wa kitongoji akilisikia anaona wembe, kama walivyouona baba yake na babu yake, maana mwili wa mtu ulikuwa ukichanjwa huku kwetu kabla zahanati ya kwanza haijachimbiwa msingi. Aliyeandika alikuwa sahihi, aliyesoma alisoma sahihi, na baba wa watu alitii kuliko wengi wetu tunavyotii. Na mtoto alikuwa Kyerwa, hajapata hata tone la chanjo, huku ugonjwa ule huenda umeshaanza safari yake kutoka mguuni kwenda kichwani. Kichaa cha mbwa kikishatoa dalili hakuna daktari wa kukirudisha. Kinazuiwa kabla, na hiyo kabla hakuna anayejua inaisha siku gani.

Nilimpigia baba yake. Hapatikani. Nikapiga tena na tena mpaka nikamchukia yule dada anayesema hapatikani, kana kwamba ndiye aliyemficha. Kyerwa ni wilaya nzima, na mashamba ya kahawa hayana mlango wa kubisha. Nilimpigia muuguzi, akanielekeza cha kusema: sindano, siyo wembe; hata kama siku zimepita, aende tu; sindano ni zaidi ya moja na zote zimalizwe; na upande ule hospitali ilikuwa nazo. Nikaanza kuandika, nikifuta na kurudia.

Mama mkwe wangu alikuwa kizingitini anamenya ndizi. Alikuwa amesikia yote.

"Unamwandikia nani?" akauliza. "Yule mtu hasomi."

"Atasomewa, mama."

"Si ndivyo alivyosomewa?" Akajifuta mikono kwenye kanga, akainuka. "Sauti yangu anaijua. Nipe hicho kioo."

Nilimpa. Nikamwelekeza kwamba nikibonyeza hapa aanze kusema, na aseme kwa kifupi. Akaishika simu kwa mikono miwili, mbali na uso, akanyamaza. Nikadhani ameogopa. Nikamwashiria aseme. Akanitolea macho, akaendelea kunyamaza, kisha akasema kwa utulivu mkubwa, "Marahaba."

Nilizima. Nikamuuliza marahaba hiyo ni ya nani.

"Ni ya wanaonisalimu. Mimi ni mtu mzima, siwezi kuanza mimi."

"Mama, hakuna mtu humo! Watasikia baadaye!"

"Basi watanisalimu baadaye. Nimewaachia nafasi."

Nilitaka kupiga kelele, na kusema kweli nilipiga. Mtoto wa watu anaweza kufa huku sisi tunabishana juu ya shikamoo! Yeye hakupandisha sauti. Aliniambia hawezi kumpa mtu habari ya mbwa kabla hawajasalimiana, kwamba huko kwetu Muleba labda tunafanya hivyo. Nikabonyeza tena kwa hasira. Akanyamaza, akasema marahaba, akauliza kwa Kinyambo habari za hapo mlipo, akanyamaza. Akauliza watoto, akanyamaza. Akauliza mvua, akasubiri mvua ijibiwe. Ndipo akasema: wewe baba uliyenipalilia migomba Rugu, binti yako aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Wembe si dawa yake. Mpeleke hospitali akapigwe sindano, leo, siyo kesho, na mtu yeyote unayenisikia, ukimwona mwambie, na mbwa akikuuma na wewe, osha kwa sabuni uende kwenye sindano. Usiende kwenye wembe. Akayarudia yote kwa Kiswahili chake kilichojaa Kinyambo, akawaaga, akasubiri waagane naye.

Muuguzi aliisikiliza, akasema maneno yako sawa, tuma. Nikatuma kundini. Wa kwaya wakaipeleka kwaya, wa kahawa wakaipeleka kwa wanunuzi wa kahawa, bodaboda wa Bugene wakaipeleka kwa wenzao. Mimi nikarudi kumpigia yule asiyepatikana.

Sasa niseme nilichokiona siku zilizofuata, kwa sababu mpaka leo nikikikumbuka nasisimka. Asubuhi nilikwenda dukani kununua chumvi. Simu ya mwenye duka ilikuwa juu ya kaunta, nikasikia ukimya ninaoujua. Watu waliokuwa dukani wakaacha mazungumzo. Mmoja akasema, "Shikamoo mama." Ndipo ikaja: "Marahaba." Mwenye duka akajibu habari za hapa, akajibu habari za watoto, kwa unyenyekevu kabisa, akiitazama simu. Na kwa kuwa walikuwa wameshaanza kusalimiana na mtu mzima, hakuna aliyeweza kumkatiza na kuondoka. Walimsikiliza mpaka mwisho wakiwa wamesimama. Nimepita nyumba ngapi nikieleza habari za afya huku watu wakipepeta maharage na kunipa mgongo! Na huyu, ambaye hakuwepo, walisimama kumsikiliza.

Kisha ikaanza kunirudia. Dada yangu aliitumia kutoka Bukoba akiuliza huyu bibi ni nani mbona ananitoa machozi. Binamu wa Muleba akaituma. Ilipokuja kutoka kwa watu nisiowajua ilikuwa na ile mishale miwili, alama ya kitu kilichopita mikono mingi. Nilitoka nikamtazama mama mkwe wangu. Alikuwa kibanjani anakata majani makavu ya mgomba, kanga imefungwa kiunoni, mwanamke ambaye hajawahi kulala nje ya Karagwe isipokuwa msibani. Na saa hiyohiyo alikuwa mezani kwa watu Bukoba, alikuwa mfukoni mwa dereva wa lori, alikuwa anauliza habari za mvua mahali ambapo mimi sitafika. Niliogopa, ndiyo, ile hofu ya kanisani. Kitu nilichokuwa nakibeba mfukoni na kukilalamikia chaji kilikuwa kinaweza kufanya hivi, nami sikuwa nimekitazama.

Lakini baba wa binti alikuwa bado hajapatikana, na mimi nilikuwa silali vizuri.

Simu ilikuja mchana, namba ngeni. Nilipopokea nikasikia pikipiki na kelele za stendi, na katikati yake sauti ile ya upole.

"Naomba mama," akasema. "Mama wa migomba."

Nikampelekea simu mbio. Aliishika vilevile, mikono miwili, mbali na uso, nami nikasikia yote. Alikuwa Rubwera, hukohuko Kyerwa. Alikuja kununua sabuni, akapita kwenye kibanda cha fundi simu mwenye spika kubwa, akasikia anaitwa.

"Nilikujibu, mama," akasema. "Nilisema nakuja. Hukunisikia?"

Mimi nilikuwa nimeshika mdomo. Mama mkwe wangu hakusita hata kidogo.

"Nilikusikia," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwa hospitali. Baba yake alimkimbilia shambani na bodaboda mmoja aliyesikia naye pale kwenye spika, wakampeleka, akapigwa sindano ya kwanza na kidonda kikasafishwa upya. Daktari aliuliza nani amemkata. Baba akajibu kwamba aliambiwa mtoto achanjwe. Nilimsihi asiache hata sindano moja. Hakuacha hata moja.

Walirudi Rugu kahawa ilipoisha. Binti alikuwa mzima, anakimbia, chale zimekauka mguuni. Lakini mama mkwe wangu alianza tabia nisiyoielewa. Kila akimwona anapita anamwita, anampa kikombe cha maji, anasimama kumtazama akinywa. Asubuhi anamwita. Jioni anamwita. Mtoto akisema ameshiba maji, anambembeleza anywe kidogo tu. Nikamtania kwamba atamfanya chura. Hakucheka.

Siku moja, binti akiwa anakunywa, akanieleza, macho yake kwenye kikombe. Alipokuwa msichana, kaka yake aling'atwa na mbwa machungani. Walimchanja, kidonda kikapona, wakasahau. Kisha siku moja akaomba maji. Yeye ndiye aliyempelekea. Kaka yake alipoyaona maji alianza kutetemeka, koo likambana, akalia kwa kiu na kuyasukuma maji kwa mikono, huku anayaomba. Hawakujua ni ugonjwa gani. Walisema amelogwa, wakamzika. Hajawahi kumwambia mtu, wala hakuna aliyewahi kumwambia yeye kwamba kulikuwa na sindano.

Binti alinywa mpaka chini, akapangusa mdomo kwa mkono, akarudisha kikombe. Mama mkwe wangu akakitazama ndani, kilikuwa kitupu. Akakijaza tena.